Kinywewacho

Hukumu ilisomwa Jumatatu, na kabla wiki haijaisha mafundi walikuwa wamekwisha kung'oa majina ya ukoo kwenye milango ya ofisi zote za Chuo Kikuu cha Nyamisanga. Mlango wa Dkt. Paskalina Gidabanja ulibaki na "Dkt. Paskalina" na matundu ya skrubu. Alipouliza jina la babu yake limekosa nini, fundi alimjibu kwa adabu kwamba jina la ukoo ni harufu, na Mahakama imeharamisha harufu.

Lugha hiyo haikuwa ya fundi, maskini. Aliitoa kwenye hukumu yenyewe, iliyokuwa ikirudiwarudiwa kwenye kila kioo cha runinga mjini kama tangazo la sabuni. "Haki haina pua," walisema majaji wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho. "Chuo kitamjua mtu kwa akili yake, si kwa atokako." Maneno matamu, na yalipomalizika kusomwa, Kifungu cha Asili kilikuwa kimekufa. Kifungu hicho ndicho kilichowapa alama za nyongeza vijana wa nyanda, wale ambao malisho ya baba zao yalifunikwa na mashamba ya vioo: mabamba ya kuvuna jua yaliyotandazwa hadi upeo wa macho, yanayowasha kila taa ya Shirikisho isipokuwa taa za wenyeji.

Mkuu wa Chuo, Profesa Teobadi Rwechungura, aliagiza keki. Iliandikwa SOTE SAWA kwa krimu ya bluu. Wahadhiri waliokipiga vita Kifungu miaka nenda miaka rudi waliila wakicheka. Waliokililia walisimama kwanza nje, wakasoma tamko lenye maneno mazito mbele ya kamera, na kamera zilipoondoka wakaingia nao kuchukua vipande vyao. Paskalina aliwatazama wote wakilamba vidole, na wote wakamchefua. Si kwamba alikiona Kifungu kitakatifu. Yeye ndiye aliyeongoza Dawati la Asili, na alikwisha kuwaona watoto wa mawaziri wakija kwenye usaili na lubega za kukodi na fimbo ambazo bado zina kibandiko cha bei, wakiapa kwamba bibi zao walichunga. Lakini nyumba ikiingia panya, huichomi nyumba.

Aliyemchefua kuliko wote ni Mhandisi Lazaro Qamara. Lazaro alizaliwa nyanda zilezile, jirani kabisa na kwao Paskalina, na aliingia Nyamisanga kwa Kifungu hichohicho, amevaa kandambili za rangi mbili. Miaka yote alikuwa akifungua hotuba zake kwa "mwacha asili ni mtumwa." Sasa alisimama na glasi ya juisi mkononi, akatangaza kwamba leo ndiyo kwanza anapumua kama msomi kamili. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda angalau hatoi hotuba.

"Usininunie, dada," alimwambia Paskalina baadaye, wakiwa wamesimama dirishani. "Mimi na wewe tungeingia tu. Akili tulikuwa nazo. Kile Kifungu kilitupaka matope."

"Matope uliyaoga mwenyewe, Lazaro, tena kwa furaha."

Alicheka, akamkatia kipande cha keki. Paskalina alikiacha pale dirishani mpaka sisimizi wakakigundua.

*

Waliodhani Dawati la Asili litafungwa hawakumjua Mkuu wao. Dawati lilibaki palepale, na kiti kilekile, likaitwa Dawati la Chekeche. Paskalina alikuwa mwanaisimu, sikio lake likijua kutenganisha lafudhi ya mlima na ya bonde. Zamani alilipwa kusikia mtu ametoka wapi ili aongezewe alama. Sasa alilipwa kusikia vilevile, ili kule alikotoka kufutwe.

Chekeche ilikuwa mashine. Mtahiniwa aliketi chumba cha pili, na kwenye kioo cha jopo kikaonekana kivuli cha kijivu kisichojulikana ni cha mwanamume au cha mwanamke. Maneno yake yalipita kwanza ndani ya Chekeche, yakatoka kwa sauti moja, ileile kwa kila mtu, sauti laini ya mtu asiyetoka popote. Lafudhi ilinyooshwa. Neno lenye harufu ya kwao mtu liling'olewa na jingine likapachikwa. Mtahiniwa mwenyewe alisikilizishwa toleo hilo lililosafishwa, kwa visikizio vilivyofungwa masikioni, kwa sababu Mahakama ilitaka ajue anahesabiwa kusema nini. Mtahini akiitambua asili ya mtu na kuitaja, mtahiniwa huyo alihesabiwa amechafuka, akafutwa kwenye usaili. Mtahini naye alishtakiwa. Ilikuwa sheria ya kuwalinda watahiniwa, na meno yake yote yalielekea kwao.

Asubuhi ya kwanza ya usaili, kijana mmoja alieleza habari za klabu yake ya roboti, masomo yake ya piano, na jinsi alivyopima mgandamizo kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwao. Chekeche haikugusa hata neno moja. Kumbe piano haina harufu. Kumbe bwawa la kuogelea halina kwao. Paskalina alisubiri mashine ishituke walau kidogo, isiposhituka akajisikia mpumbavu kwa kusubiri.

Kisha kikaja kivuli kingine. "Habari za asubuhi," ilisema sauti laini, na Paskalina akajua kilichosemwa chumba cha pili ni "shikamooni", maana yeye mwenyewe alilazimishwa kuiingiza shikamoo kwenye kamusi ya mashine, kwa vile sehemu nyingine za Shirikisho hawaitumii. Lazaro, mwenzake kwenye jopo, akauliza kwa nini mtahiniwa anataka kusomea uhandisi wa maji.

"Tunapoishi kuna vifaa vya nishati," ilisema sauti. "Alfajiri vifaa hivyo hulowa umande. Nilitengeneza mifereji chini yake, nikakusanya kinywewacho. Ukame ulipokuja, mali ya familia haikupotea."

Vifaa vya nishati ni mashamba ya vioo, na mali ya familia ni ng'ombe. Hayo Paskalina aliyafasiri bila kujitahidi. Neno moja tu lilipita kama lilivyotoka kinywani, kwa kuwa ni Kiswahili kitupu na hakuna aliyewahi kulitilia shaka.

"Kinywewacho ndiyo nini?" aliuliza Lazaro.

"Kile cha kunywa. Kinachoshuka kutoka mawinguni."

"Hicho kina jina lake."

"Kina jina," kivuli kilikubali.

Walipomwachia aendelee, alieleza mambo ambayo Paskalina, asiye mhandisi, aliyaelewa moja kwa moja. Alieleza kwa nini kioo hupoa haraka kuliko udongo, kwa nini mfereji mpana hupoteza zaidi kuliko mwembamba, na jinsi alivyotandika majivu chini ya mapipa ili mchwa wasipande. Alijibu hesabu za Lazaro kabla Lazaro hajamaliza kuziuliza. Na kila alipofika penye lile neno alilizunguka, bila kuhangaika, kama mtu anayelizunguka kaburi njiani. Mwishoni Chekeche ikaandika alama kwenye kioo. Hesabu: bora. Ubunifu: bora. Msamiati wa msingi wa fani: haba. Na "haba" kwenye msamiati ilitosha kumwangusha mtu.

"Anataka kusomea maji na hajui hata kuyataja," alisema Lazaro. "Mkamia maji hayanywi."

Paskalina alikuwa ameshaelewa. Kwao, kwa Wadatoga, mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalokaribiana nalo. Gidabanja lilikuwa jina la babu, baba mkwe wa mama yake, na mama hakuwahi kulisema. Hata banda la kuku aliliita "kwa kuku", kisa banda na Banja vinafanana. Siku alipompeleka Paskalina zahanati, akaulizwa jina la ukoo la mtoto, alinyamaza, na nesi akamsimanga mbele ya foleni nzima kwamba ni mama gani huyu asiyejua mwanawe ni wa nani. Mama alisimama pale na heshima yake yote, akaonekana mjinga, akavumilia.

Basi huko nyandani kulikuwa na mzee anayeitwa Gidamaji-nani-sijui, na mkwewe ndiye huyu, amevishwa kivuli, anaangushwa kwa kumheshimu.

Alimgeukia Lazaro. Lazaro alikuwa akiikagua kalamu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mtu huyu alikulia uani kwa mama yake Paskalina, alitumwa mara ngapi na mama huyohuyo akaangalie mayai "kwa kuku". Alijua. Alikuwa amejua tangu neno la kwanza, na bado akauliza.

"Sijasikia kitu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe hujasikia."

Angemtapikia pale mezani, laiti kutapika kungemsaidia yule binti.

*

Alikwenda kwa Mkuu wa Chuo na kuongea kwa mafumbo, kwa kuwa sheria haikumwachia namna nyingine. Alisema mtahiniwa hakukosa neno. Alisema ipo sababu, na kwamba sababu hiyo yeye haruhusiwi kuitamka. Profesa Rwechungura aliinua viganja vyote viwili, akamwomba asimchafulie mtahiniwa. Paskalina akamkumbusha kwamba mwakani mtu huyo huenda akawa amevuka umri wa kupokelewa, wengi wa aina yake huanza shule wakiwa wamechelewa. Mkuu akasema kwa huzuni nzuri kwamba "wengi wa aina yake" ni maneno ambayo atajifanya hakuyasikia.

Kisha uso ukamwangaza. Alikuwa ameona njia. Kama neno kinywewacho lina harufu, alisema, basi kosa si la mtahiniwa, ni la Chekeche kuliachia lipite, na sheria yenyewe inamtaka Mkuu wa Dawati aliingize kwenye kamusi. Likishaingizwa, mashine italing'oa na kupachika jina la kawaida. Usaili wa kwanza utahesabiwa una dosari, mtahiniwa ataitwa tena, alama nyingine zitabaki zilivyo, na ya msamiati itakuwa bora.

"Unaona, Daktari? Mfumo unajisahihisha wenyewe," alisema. "Binti ataingia." Akajiuma ulimi. "Mtahiniwa ataingia."

Hata yeye, basi. Wote walikuwa na pua, na walikuwa wakinusa kutwa. Kilichoharamishwa kilikuwa ni kusema. Mkuu alimsindikiza hadi mlangoni akimsifu kwa uadilifu wake, akimvisha kilemba cha ukoka, na Paskalina alipotoka alijifuta mkono aliopewa kwenye sketi.

Mchana huo alikaa mbele ya kamusi ya Chekeche. Upande wa kushoto neno linaloingia, upande wa kulia neno linalotoka. Kuliandika ilikuwa kazi ndogo. Lakini alijua vizuri kabisa anachokiandika. Kitu kilekile ambacho mwanamke yule amekilinda tangu aolewe, mashine itakichukua na kukisema kwa niaba yake, mbele ya watu asiowajua, na itaandikwa kwamba ni yeye aliyekisema. Atakisikia masikioni mwake mwenyewe. Asipoandika, mwanamke yule atarudi kwenye mifereji yake ya umande, na nafasi yake apewe yule wa bwawa la kuogelea, na Lazaro atasema msamiati ni msamiati.

Alichokitaka ni kumwuliza. Amwulize tu, wewe mwenyewe unaonaje, mama, tulitaje au turudi nyumbani? Lakini mtahiniwa hana jina, hana simu, hana mahali, na mtahini anayemtafuta mtahiniwa anamfuta. Mahakama ilikuwa imehakikisha kwamba mtu pekee asiyeweza kuulizwa ni mwenyewe.

Alimfikiria mama yake pale zahanati. Mama alichagua kuitwa mjinga. Lakini ni mama huyohuyo aliyeuza mtamba ili Paskalina aende sekondari, na siku zote mbili alikuwa mama yuleyule, hivyo kumfikiria hakukumsaidia kitu. Akaandika. Kinywewacho: maji. Alijiambia anamwokoa, na alipokwisha kujiambia hivyo akatambua kwamba hakuna hata mmoja katika wale waliokula keki ambaye hakujiambia neno kama hilo.

*

Siku ya marudio Mkuu alikuja mwenyewe kushuhudia, akaketi kati ya Lazaro na Paskalina, tai imemkaa sawasawa. Kivuli kikaketi. Sauti laini ikawatakia habari za asubuhi. Lazaro, kwa ukarimu wote wa mtu ambaye jibu analo tayari, akarudia swali lake la kwanza.

"Alfajiri vifaa hivyo hulowa umande," ilisema sauti. "Nilitengeneza mifereji chini yake, nikakusanya maji."

Lazaro akaandika. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwenye kioo mkono wa kivuli ulipanda hadi sikioni, ukabaki hapo. Paskalina alikuwa ametegemea neno lipite haraka, binti asilitilie maanani, waendelee. Badala yake kivuli kiliinama mbele na kuanza upya, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Nilikusanya maji," ilisema sauti.

Hapo ndipo Paskalina alipokumbuka jambo aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye mwongozo wa mashine. Chekeche hujifunza. Ukiipa neno moja, hujitafutia ndugu zake. Mwanamke yule alikuwa akijaribu njia nyingine, huenda kile cha kunywa, huenda cha mawinguni, huenda kile cha kunyweshea ng'ombe, na kila njia aliyoishika, mashine ilimtangulia na kumngojea mbele.

"Maji," ilisema sauti. "Maji. Ni maji. Yaani maji."

"Sasa analijua kupita kiasi," alisema Mkuu, akacheka kidogo.

Chumba cha watahiniwa kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Walikuwa wamepanga kivuli, wamepanga kioo, wamepanga sauti na visikizio. Ukuta, ambao ni wa mbao nyepesi, hakuna aliyeufikiria, kwa sababu watahiniwa wote huongea kwa upole. Sasa ukutani ilipenya sauti ya mwanamke. Ilikuwa changa, ya kukwaruza kidogo, na lafudhi yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

"Si mimi niliyesema. Jamani, si mimi. Mwambieni mzee sikulisema mimi."

Lazaro aliinama chini kabisa, akiifuta meza iliyokuwa safi. Mkuu alitazama dari. Alama zikatokea kwenye kioo, bora, bora, bora, na chini yake duara la kijani linalosubiri dole gumba la Mkuu wa Dawati, yaani la Paskalina. Bila dole hilo hapakuwa na nafasi. Mkuu alilisogeza duara hadi mbele ya Paskalina kwa kidole kimoja, kwa heshima, na kusema kwamba leo haki imetendeka.

Paskalina alifungua kinywa. Kama angesema anachokisikia, mwanamke yule angekuwa amechafuka, na yote haya, hata lile jina lililokwisha kusemwa, yangekuwa ya bure. Akakifunga kinywa chake. Kinyaa kilimjaa, kinyaa cha Mkuu, cha Lazaro, cha majaji na maneno yao matamu, na cha kidole chake mwenyewe, ambacho alikitazama kikienda kama cha mtu mwingine.

Akabonyeza.

Upande wa pili wa ukuta mwanamke alikuwa bado anasema si yeye, si yeye, mpaka sauti ikamkatika. Na kwenye kioo kivuli kilikaa wima, na ile sauti laini ikasema kwa niaba yake, "Nawashukuru sana kwa nafasi hii."